VistA: mistari inapita bila kusimama, na ya mgonjwa aliyetangulia inabaki kwenye skrini. Nimekosea wapi?

MlinziWaMafaili

Wakuu, habari za kazi. Nina tatizo la skrini kwenye VistA, mfumo wetu wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa, na ninaliandika kwa kirefu kwa sababu limeshafika kitandani kwa mgonjwa.

Kwanza mnijue. Nilianzia masijala ya wagonjwa, kazi yangu ikiwa kutoa mafaili ya karatasi rafuni na kuyarudisha palepale yalipotoka. Mfumo ulipoingia nikakabidhiwa kuutunza. M, lugha ya programu iliyoandikiwa VistA, naisoma, kuiandika bado. FileMan, chombo chake cha kutunza data, naimudu.

Seva yetu ni ya Linux, hifadhidata ni GT.M. Madaktari wanatumia CPRS, ile ya madirisha na kipanya, na kwao hakuna shida. Wanaoumia ni famasia, maabara, masijala na baadhi ya wodi, ambao bado wanafanya kazi kwenye skrini ya maandishi kupitia PuTTY, programu inayounganisha kompyuta zao na seva.

Tuliletewa skrini pana. Watu wakalalamika kwamba maandishi yamejibana pembeni na sehemu kubwa iko tupu. Walivuta dirisha la PuTTY likawa kubwa, lakini VistA ikaendelea kuandika safu 80 na kusimama kila baada ya mistari 24. Nikaona nitengeneze aina mpya ya terminali, yaani maelezo ya skrini ambayo VistA inayafuata. Nikaingia kwenye faili la TERMINAL TYPE nikajaza hivi:

NAME: SKRINI-PANA
RIGHT MARGIN: 132
FORM FEED: #
PAGE LENGTH: 50
BACK SPACE: $C(8)

Nafasi nyingine zote nikaziacha wazi. Kisha nikaenda kwenye faili la DEVICE, kwenye kifaa kinachopokea vikao vya SSH (wanaoingia kupitia PuTTY), nikabadilisha SUBTYPE, yaani aina ya terminali, kutoka C-VT100 ya kawaida ikawa SKRINI-PANA. Nikajaribu kwa ripoti ya mistari 12, ikatoka safi, nikafunga kazi.

Usiku uleule muuguzi wa zamu alifungua orodha ndefu ya dawa. Ilipita yote mpaka mwisho bila kumwambia abonyeze RETURN. Mstari wa mzio uko juu kabisa, na ulikuwa umeshapanda ukatoka machoni. Alimfahamu mgonjwa yule, ndiyo maana akasimama na kupiga simu kuuliza mwanzo wa orodha uko wapi. Asingekuwa anamfahamu, sijui.

Asubuhi famasia wakaniita. Wakitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, skrini haifutiki. Mistari ya aliyetangulia inabaki juu, ya mpya inaanza chini yake. Kule masijala tulikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: mafaili mawili hayafunguliwi kwenye meza moja. Sasa mimi mwenyewe nimeyafungua.

Pia fomu za kujaza za ScreenMan zinakataa kufunguka, na orodha za kusogeza za List Manager zinaandikana juu ya vichwa vyake.

Nimesharudisha C-VT100 kwenye kifaa, kwa hiyo hakuna anayeumia kwa sasa. Ila nataka kuelewa nilichofanya kabla sijagusa tena. Na je, kuna njia ya halali ya kutumia hizi skrini pana?

---

Fundi_M

Mkuu, kurudisha ulivyokuta ndiyo hatua sahihi, umefanya vema. Nitaanza na lile la kurasa kutosimama, kwa sababu ndilo linalowaumiza wengi na halionekani kwa macho.

Kosa liko kwenye jina. Umeliita SKRINI-PANA, linaanza na S. Ripoti nyingi za VistA, kabla ya kuamua kama zisimame mwisho wa ukurasa, hutazama herufi za kwanza za IOST, yaani jina la aina ya terminali. Ukisoma programu utakuta masharti kama $E(IOST,1,2)="C-". Zikikuta C- zinajua mbele yake kuna mtu anasoma, zinasimama na kumsubiri. Zisipokuta, zinadhani zinaandika kwenye printa, na printa haihitaji kusubiriwa. Printa ndizo huanza na P-. Kwa hiyo ulichoziambia ripoti ni kwamba wodi nzima ni printa, nazo zikatii.

Ripoti yako ya mistari 12 isingekuonyesha hilo, maana hata C-VT100 isingesimama katikati yake. Siku nyingine jaribu kwa ripoti ndefu kuliko kurasa mbili.

Mgonjwa aliyetangulia kubaki kwenye skrini kumetokana na FORM FEED. Programu zinapotaka kufuta skrini huandika W @IOF, na IOF ni kile ulichojaza pale. Wewe umejaza # peke yake. Hiyo hutuma herufi ya kusukuma karatasi, ambayo printa inaielewa, lakini terminali ya VT100 huichukulia kama kushuka mstari mmoja tu. PuTTY nayo inaiga hivyohivyo. Ndiyo maana mpya akaanza chini ya wa zamani. Kwa terminali za aina hii inatakiwa hivi:

#,$C(27,91,50,74,27,91,72)

Namba hizo ni ESC [2J, futa skrini yote, halafu ESC [H, rudisha kishale kona ya juu kushoto. Ukikosea namba moja skrini haifutiki, kwa hiyo nakili, usiandike kwa kumbukumbu.

Fomu na orodha: zile nafasi ulizoziacha wazi ndizo zenye amri za kupeleka kishale mahali fulani, kufuta hadi mwisho wa mstari, kugeuza rangi, na kuweka mpaka wa juu na wa chini wa eneo linalosogea. ScreenMan na List Manager haziwezi kuishi bila hizo. Ukitaka ingizo jipya, chukua kila kitu kilichomo ndani ya C-VT100 au C-VT220, badilisha unachotaka peke yake, na jina lianze na C-.

Halafu kuna jambo moja naomba ulishike kuliko yote hayo. Kernel, sehemu ya VistA inayosimamia vifaa na watumiaji, kwa kawaida haipimi dirisha lako. Inaamini kilichoandikwa kwenye TERMINAL TYPE, basi. Ukiwa na shaka uliza mwenyewe:

D HOME^%ZIS W !,IOST,!,IOM,!,IOSL

Utaona jina, upana na urefu ambao mfumo unaamini. Sasa linganisha na dirisha lenyewe. Mfumo ukiamini mistari 24 na dirisha lina 50, hasara ni kubonyeza RETURN mara nyingi. Mfumo ukiamini 50 na dirisha lina 24, kila ukurasa unapoteza mistari 26 ya kwanza kabla hujasimama. Makosa haya mawili hayalingani hata kidogo. Namba iandikwe sawa na dirisha au chini yake, kamwe isizidi.

Upana ni vilevile. Ukiandika 132 na mtu ana dirisha la safu 80, kinachozidi kinashuka mstari wa pili na kuvuruga safu, hapo bado una bahati kwa sababu unaona kuna tatizo. Lakini kama kwenye PuTTY yake "Auto wrap mode" imezimwa, herufi zinazozidi zinaandikana zote juu ya safu ya 80, na unabaki na mstari unaoonekana umekamilika. Fikiria mstari wa dawa ambao dozi yake iko safu ya 95.

---

MlinziWaMafaili

Mkuu, nimesoma mara tatu. Nimekwenda kwenye akaunti ya majaribio nikaandika ile amri yako, ikatoa C-VT100, 80, 24. Kisha nikaiweka SKRINI-PANA kwenye kifaa cha huko, nikafungua ripoti ndefu, ikapita yote kama ilivyopita usiku ule. Nikabadilisha jina tu, ikawa C-SKRINI-PANA, bila kugusa kingine. Ikasimama. Herufi mbili tu.

Swali. Mbona nilibadilisha kifaa kimoja, ila hata wodi ambayo bado ina skrini ndogo za zamani ilipata tatizo? Na PuTTY si inajitambulisha yenyewe kwa mfumo? Nilisikia kuna mahali VistA inaiuliza terminali "wewe ni nani".

---

Fundi_M

Kifaa ulichogusa si kompyuta moja. Kwenye GT.M vikao vyote vya SSH huingia kama /dev/pts na kwa kawaida vinaangukia kifaa kimoja cha VIRTUAL TERMINAL. Kubadilisha SUBTYPE pale ni kuwabadilishia wote waliomo. Kifaa cha printa ya famasia ni cha printa ile peke yake, lakini hiki ni mlango wa watu wote.

Na ndiyo, swali hilo lipo. Mfumo hutuma ESC [c, terminali hujibu, na jibu linatafutwa kwenye faili la DA RETURN CODES ambalo linaelekeza aina ya terminali. PuTTY hujibu ESC [?6c, yaani inajitambulisha kama VT102. Angalia vizuri: inajibu hivyohivyo iwe dirisha lina mistari 24 au 60. Jibu linasema ni aina gani ya terminali, halisemi ukubwa wake. Usilitegemee kwa hilo.

Kama kuna watu wachache unaotaka wachague wenyewe, kwenye chaguo la Edit User Characteristics kuna ASK DEVICE TYPE AT SIGN-ON, yaani muulize mtu aina ya terminali anapoingia. Iwashe kwa hao tu. Mimi nisingeiwasha kwa watu wa wodi. Muuguzi aliyeingia na mgonjwa anamsubiri hapaswi kuulizwa maswali ya terminali.

---

Nesi_wa_Zamu

Samahani ndugu zangu, naingilia kama mtumiaji. Mimi ni muuguzi, niko zamani kwenye skrini hizi, na sasa nasaidia kufundisha wenzangu.

Ndugu MlinziWaMafaili, watu walipolalamika kuhusu skrini pana, uliwauliza wanataka nini hasa? Sisi tulipoulizwa, hakuna aliyetaka safu 132. Tulitaka herufi kubwa. Saa 9 usiku, taa za wodi zimepunguzwa, macho yamechoka, unasoma 0.5 au 5.0. Hiyo ndiyo haja. Kuongeza mistari kunafanya herufi ziwe ndogo zaidi, kinyume kabisa cha tunachohitaji.

Kwenye PuTTY fungua Window, tafuta "When window is resized", chagua "Change the size of the font". Acha safu 80 na mistari 24. Mtu akilivuta dirisha mpaka lijae skrini, herufi zinakua, idadi ya mistari haibadiliki. VistA haijui lolote na haihitaji kujua. Hifadhi kikao hicho kwa jina moja kwenye kompyuta zote za wodi, na usiwaachie watu waandike anwani ya seva kwa mkono, kwa sababu wakifanya hivyo wanarudi kwenye mipangilio ya mwanzo.

Na rangi msizidharau. Matokeo ya maabara yasiyo ya kawaida mara nyingi hutokea kwa herufi nzito au kugeuzwa rangi. Kuna kompyuta moja kwetu mtu alibadilisha rangi akaweka maandishi ya kijivu juu ya nyeusi, na herufi nzito zikafanana na za kawaida. Niligundua nilipokaa pale kwa bahati. Sasa nikifika wodi yoyote nafungua mgonjwa wa majaribio mwenye potasiamu ya juu nione kama inang'aa.

Jambo la mwisho, hili nadhani litakugusa wewe wa masijala. PuTTY inakumbuka mistari iliyopita, 2000 isipobadilishwa. Mtu akitoka VistA lakini dirisha likabaki wazi, anayekaa baada yake anaweza kupandisha juu na kusoma wagonjwa wote wa zamu iliyopita. Sisi tumepunguza "Lines of scrollback" na tumeweka dirisha lijifunge mtu akitoka.

---

kibodi_na_waya

Naongeza mambo ya kibodi, kwa sababu ukishasahihisha yale ya juu haya ndiyo yatakayofuata.

ScreenMan inatumia PF1 kwa karibu kila kitu: PF1 kisha E ni kuhifadhi na kutoka, PF1 kisha Q ni kuacha bila kuhifadhi. PF1 ya terminali za kampuni ya Digital, waliotengeneza VT100, hutuma ESC OP. PuTTY ikiwa kwenye mpangilio wake wa mwanzo, F1 hutuma ESC [11~, na fomu haiitambui. Mtumiaji anabonyeza F1 E, anaona herufi E imeingia kwenye sehemu ya jina la mgonjwa. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Nenda Terminal, Keyboard, chagua "Xterm R6", hapo F1 mpaka F4 zinatuma ESC OP mpaka ESC OS. Wanaotumia terminali ya GNOME kwenye Linux wana lao: F1 inafungua dirisha la msaada la terminali yenyewe, haifiki VistA kabisa. Wazime njia hiyo ya mkato.

Seti ya herufi pia. Kama GT.M yako iko kwenye hali ya M, si ya UTF-8, inahesabu baiti badala ya herufi. PuTTY ikiwa UTF-8, jina lenye é linaingia kama baiti mbili. Kwenye skrini linaonekana zuri, lakini mfumo unahesabu herufi moja zaidi, na safu zote zinazofuata kwenye mstari ule zinasogea kushoto kwa nafasi moja. Ukiona mstari mmoja tu umepinda kwenye ripoti nzima, angalia jina kwanza. Hakikisha kompyuta zote ziko kwenye seti moja, kwa sababu wengine wakiandika kwa ISO-8859-1 na wengine kwa UTF-8, data inachanganyika na kuisafisha baadaye ni kazi ya mkono.

---

MlinziWaMafaili

Wakuu na dada Nesi, ahsanteni sana. Nawapa matokeo.

Nilifanya alichosema Nesi, nikazunguka kuuliza. Famasia: herufi kubwa. Wodi zote mbili: herufi kubwa. Maabara: herufi kubwa, na mmoja akaomba mandhari meupe. Waliotaka upana kweli ni masijala peke yao, watu 2, kwa ajili ya ripoti moja ya waliolazwa na kuruhusiwa yenye safu 132. Yaani nilibadilisha mlango wa hospitali nzima kwa haja ya watu 2, na hata hao sikuwa nimewauliza.

Kikao cha PuTTY kimewekwa kwenye kompyuta zote: 80 kwa 24, herufi zinakua na dirisha, Xterm R6, UTF-8 kote, mistari ya nyuma 200, dirisha linajifunga. Nilikaa na muuguzi yule wa usiku kwenye kompyuta yake. Nikamfungulia mgonjwa wa majaribio mwenye dawa nyingi. Ukurasa wa kwanza ukasimama, mzio uko juu, akausoma kwa sauti. Akabonyeza RETURN mwenyewe. Akaniambia, "Hivi ndivyo."

Kwa wale 2 wa masijala, sijawapa terminali mpya bado. Kuna njia ya kuweka upana kwa ripoti moja tu?

---

Fundi_M

Ipo, na ndiyo ninayoipendelea. Ripoti ikiuliza DEVICE, wajibu:

0;132;24

Sifuri ni skrini waliyopo, 132 ni upana, 24 ni urefu. Inadumu kwa ripoti hiyo, wakimaliza wanarudi 80. Kabla ya hapo wawe na kikao cha pili cha PuTTY chenye safu 132, chenye jina tofauti, kwa sababu hii haipanui dirisha, inauambia mfumo tu.

Utawasikia watu wakiandika 0;132;99999. Hiyo inafanya ripoti isisimame kabisa, na ni kwa mtu anayenasa maandishi kwenye faili la kumbukumbu la PuTTY ili ayapeleke kwenye jedwali. Kwa kazi hiyo ni sawa. Kwa mtu anayesoma kwa macho inarudisha tatizo lako la usiku ule, kwa hiyo usiwafundishe watu wa wodi. Na faili hilo likinaswa lina majina ya wagonjwa, lifutwe kazi ikiisha.

Ingizo la C-SKRINI-PANA kwenye akaunti ya majaribio na SKRINI-PANA kwenye ile halisi, yafute yote mawili. Kwanza tafuta kwenye DEVICE kama kuna kifaa bado kinayaelekea.

---

MlinziWaMafaili

Nimetafuta. Nilikuta kifaa kimoja, printa ya lebo ya maabara, ambayo siku ile niliielekeza SKRINI-PANA kwa kujaribu nikasahau. Nimeirudisha kwenye aina yake ya P-, na maabara wamechapa lebo 3 mbele yangu, zimetoka sawa.

Kisha nikafuta. FileMan ikanitahadharisha kwamba huenda kuna maingizo mengine yanayoelekea ninachofuta, ikauliza kama irekebishe, na kwamba inaweza kuchukua muda. Nikajibu ndiyo, nikaelekeza C-VT100, nikakaa pale mpaka ikamaliza.